Kisima Ndani ya Ngome

 

Juma hili tungependa kuzungumza nanyi juu ya nyumba moja ya ibada ambayo mtu akiiona kwa mara ya kwanza hadhani kuwa ni kanisa. Kuta zake ni nene, nazo zimepanda juu wima kama mwamba. Madirisha yake ni machache, tena membamba kama nyufa. Juu ya paa kuna njia ya walinzi, na ukingo wake umekatwa mapengo mapengo, kama meno ya mzee, ili askari apate kujificha nyuma ya jiwe na kuchungulia katika pengo. Mgeni angesema, hili ni boma la mfalme. Lakini akiingia ndani atakuta madhabahu, mishumaa, na watu waliopiga magoti. Na akitazama vema atakuta jambo jingine la ajabu: humo humo ndani ya kanisa mna kisima.

Kwa nini watu wa Mungu walijenga nyumba ya sala kama ngome? Na je, ngome hiyo iliwalinda kweli? Maswali haya si ya watu wa kale peke yao. Wengi wetu siku hizi twaabudu mahali penye lango na bawabu, na kabla ya kuingia twapekuliwa mikoba. Wako wasemao kuwa hiyo ni busara tu. Wako wengine wasemao kwamba kanisa lenye lango limemsahau yule aliyewaita wote wenye kulemewa na mizigo. Basi, kabla hatujahukumu, hebu twende tukajifunze kwa wale waliotutangulia.

Nchi ya chumvi na matope

Kanisa hilo liko kusini ya Ufaransa, mahali paitwapo Saintes-Maries-de-la-Mer, maana yake Maria Watakatifu wa Baharini. Mto mkubwa wa Rhône, ukikaribia bahari ya Mediterania, hugawanyika kuwa mikono miwili, na katikati ya mikono hiyo kuna nchi tambarare iitwayo Camargue. Ni nchi ya vinamasi, chumvi na mbu wengi. Huko wanafugwa ng'ombe weusi na farasi weupe, na katika maji yake ya chumvi husimama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao sisi huwaona Nakuru na Bogoria. Kijiji chenyewe ni kidogo, kina watu elfu mbili na kidogo tu, nacho kiko kama kilomita 38 kutoka mji wa Arles. Kwa kuwa nchi yote ni tambarare, kanisa huonekana kutoka mbali sana, kama jahazi lililokwama mchangani.

Watu wa pale wana masimulizi yao ya kale. Husema kwamba baada ya Bwana kufufuka, wafuasi wake waliteswa, na baadhi yao wakatiwa katika chombo kisicho na tanga wala kasia, wakaachwa baharini wafe. Katika chombo hicho alikuwamo Maria wa Yakobo na Maria Salome, wale ambao Injili ya Marko yawataja miongoni mwa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato. Basi, yasema hadithi, Mungu alikiongoza chombo mpaka pwani ya Camargue, na wale akina mama wawili wakabaki pale hadi kufa kwao.

Je, ni kweli? Ni lazima tuseme wazi kwamba Maandiko hayasemi neno lo lote juu ya safari hiyo, na masimulizi hayo yaliandikwa karne nyingi sana baada ya siku za mitume. Wanahistoria huyahesabu kuwa hadithi ya mapokeo. Lakini kuwapo kwa kanisa mahali pale tangu zamani ni jambo lisilo shaka. Katika karne ya 6 askofu Caesarius wa Arles, aliyefariki mwaka 542, alitaja katika wasia wake kanisa la Mtakatifu Maria wa Ratis, na neno hilo katika Kilatini ni chelezo. Hivyo hata kabla ya ngome kulikuwa na sala, na hata wakati huo jina la mahali lilinukia bahari.

Askofu aliyeketi kitini

Bahari huleta samaki na wageni. Pia huleta wanyang'anyi. Katika karne ya 9 pwani ile haikuwa na usalama. Mwaka 859 Wadenmarki, ambao wengine huwaita Wavikingi, walizunguka Hispania kwa merikebu zao, wakaingia katika mto Rhône, wakapiga kambi Camargue na kuiteka nyara miji ya mtoni. Baada yao wakaja wanyang'anyi wengine walioitwa Wasaraseni, waliotoka pwani za Kiislamu za Mediterania. Twataja makundi yote mawili kwa makusudi, ndugu zetu. Wale wa kwanza walikuwa wapagani wa kaskazini, hawa wa pili walitoka kusini, lakini wote walitafuta kitu kimoja: fedha na watu wa kuuza. Asiwepo mtu wa kugeuza habari hizi kuwa fimbo ya kumpigia jirani yake wa dini nyingine.

Kumbukumbu za zama zile, zilizoandikwa na Hincmar, askofu mkuu wa Reims, zinatupa kisa kimoja cha mwaka 869. Askofu mkuu wa Arles, jina lake Rotland, alikuwa na mali ya kanisa katika Camargue. Aliposikia kwamba Wasaraseni wanakuja, akafanya haraka kujenga boma. Lakini akalijenga kwa udongo mtupu, bila mawe, akaingia ndani na kujiona salama. Wasaraseni wakafika. Zaidi ya watu wake mia tatu wakauawa, naye askofu akakamatwa, akafungwa katika merikebu.

Watu wa Arles wakaanza kujadiliana juu ya fidia. Wakakubaliana ratili 150 za fedha, mavazi 150, panga 150, na watumwa 150. Wakati watu wakikusanya vitu hivyo, askofu akafa merikebuni, katika mwezi wa Septemba. Wale watekaji wakaficha habari. Wakawahimiza watu walete fidia upesi, wakisema kwamba hawawezi kukaa zaidi. Fidia ilipokwisha lipwa yote, wakamvika maiti mavazi yake ya kiaskofu, wakamketisha kitini, wakambeba kwa heshima mpaka pwani, wakamweka pale wakaondoka. Watu wakaja mbio kumpongeza mzee wao kwa kuokoka. Wakamwambia maneno, asijibu. Ndipo walipotambua kwamba wamekomboa mfu.

Hebu tutue hapa kidogo. Wengi wakisikia kisa hiki huwashangaa watekaji kwa ujanja wao. Lakini iko sehemu nyingine ambayo tusiipite upesi. Katika fidia ile walihesabiwa watumwa 150, pamoja na panga na mavazi. Wakristo walitoa watu 150 ili kumpata mtu mmoja, na tena mfu. Mwandishi aliandika jina la askofu, hata siku aliyozikwa. Ya wale 150 hakuandika hata jina moja. Nani aliwalilia? Mungu peke yake ndiye ajuaye majina yao. Sisi tulio katika pwani ya Afrika, ambako watu waliuzwa kwa hesabu namna hiyo hiyo, twaweza kuelewa uchungu huo.

Jinsi ngome ilivyofanya kazi

Watu wa Camargue walijifunza kwamba udongo hautoshi. Katika karne ya 12, kanisa lilipokuwa chini ya watawa wa Montmajour, monasteri iliyo karibu na Arles, lilijengwa upya kwa mawe, na liwe kanisa na ngome pamoja. Katika karne zilizofuata likaongezewa nguvu zaidi. Na tueleze sasa lilivyopangwa, maana kila sehemu ilikuwa na kazi yake.

Kwanza, ukumbi ni mmoja tu, mrefu, bila njia za pembeni. Nyumba ya namna hiyo ni rahisi kuilinda. Paa lake ni la mawe, si la miti wala majani, ili mshale wa moto usiweze kuliwasha. Madirisha ni membamba, hivyo mtu hawezi kupenya, ingawa ndani hubaki giza hata mchana.

Pili, kulizunguka paa kuna ile njia ya walinzi. Kutoka juu pale mlinzi aliweza kuona matanga yangali mbali, maana hakuna kilima cho chote cha kumzibia macho. Kengele ikilia, watu wakaacha nyavu na mifugo, wakakimbilia kanisani na watoto wao. Kengele ya kuwaita katika sala ndiyo iliyowaita katika usalama.

Tatu, juu ya madhabahu, badala ya kuba ya kawaida, kulijengwa mnara imara, na ndani yake chumba kilichowekwa wakfu kwa Mtakatifu Mikaeli, malaika mkuu. Chumba hicho ni kikanisa, na tena ni kimbilio la mwisho, kama adui angevunja mlango wa chini.

Nne, kisima. Katika nchi ile kila mahali kuna maji, lakini mengi ni ya chumvi. Ngome isiyo na maji matamu ni kaburi, maana adui hana haja ya kupigana. Hukaa nje tu na kungoja kiu ifanye kazi yake. Kwa hiyo wajenzi walihakikisha kwamba kisima cha maji matamu kimo ndani ya kuta. Kiko hata leo. Kila aingiaye kusali hukipita.

Mifupa, makasha na kamba

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba wale Maria wawili walizikwa mahali pale, ila hapakujulikana ni wapi hasa. Mwaka 1448 René, mtawala wa Provence aliyeitwa mfalme, alipata ruhusa ya Papa Nikolao wa Tano, akaamuru kuchimbua chini ya sakafu. Wachimbaji wakapata mifupa, nayo ikapokewa kwa shangwe kuwa ndiyo ya wale watakatifu. Ikatiwa katika makasha, na makasha yakapandishwa katika kile chumba cha juu, chumba cha mlinzi. Chini, pale palipochimbwa, pakafanywa kanisa dogo la chini ya ardhi.

Tangu hapo mahujaji wamekuwa wakija hasa katika mwezi wa Mei na wa Oktoba. Tarehe 24 Mei dirisha la chumba cha juu hufunguliwa, na makasha hushushwa polepole kwa kamba na kapi, huku watu wakiimba na kuinua mishumaa, kila mmoja akinyosha mkono apate kuyagusa. Kesho yake, sanamu ya wale Maria wawili wakiwa katika chombo chao hubebwa mpaka baharini, na bahari hubarikiwa. Bahari ile ile iliyoleta wanyang'anyi hubarikiwa! Hilo nalo ni fundisho.

Je, kuta zililinda mifupa ile? Dhidi ya wanyang'anyi wa baharini, naam. Lakini Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, mwaka 1794, hatari haikutoka baharini, ilitoka nchini. Wanamapinduzi waliingia kwa mlango, wakachoma makasha. Mifupa iliokoka kwa sababu paroko alikuwa amekwisha kuiondoa na kuificha kwa siri. Ghasia zilipopoa, ikarudishwa mwaka 1797. Angalieni, wapendwa: kuta nene hazikusaidia kitu siku ile. Kilichosaidia ni uaminifu wa mtu mmoja aliyeweza kunyamaza.

Waliokaa chini

Sasa tumefika katika sehemu ambayo ndiyo iliyotusukuma kuandaa mazungumzo haya.

Katika kanisa la chini ya ardhi kuna sanamu ya mwanamke mwenye uso mweusi. Jina lake ni Sara. Wengine husema alikuwa mtumishi wa wale Maria, aliyetoka Misri. Wengine husema alikuwa mwenyeji wa pwani ile, aliyewapokea wageni walipofika. Injili haimtaji, wala Kanisa halijapata kumwandika rasmi katika hesabu ya watakatifu. Lakini liko taifa moja lililompenda na kumfanya mama yao: Waroma, wale ambao zamani waliitwa Majipsi.

Mababu wa Waroma walitoka Bara Hindi, wakahama polepole kuelekea magharibi, na kufika Ufaransa mwaka 1419. Walikuwa wafua vyuma, wafanya biashara ya farasi, wapiga muziki. Kwa kuwa hawakuwa na ardhi, waliishi katika magari ya kukokotwa, na kila mji uliwatazama kwa mashaka. Kitu kikipotea, wa kwanza kushukiwa walikuwa wao. Walipokuja kuhiji, walishuka chini kwa Sara, wakakesha usiku kucha kwa mishumaa. Hivyo katika nyumba moja palikuwa na orofa tatu: juu kabisa makasha ya watakatifu, katikati wenyeji, na chini ya sakafu, wageni weusi-weusi na Sara wao.

Ilipofika mwaka 1935, kwa msaada wa Folco de Baroncelli, mfugaji wa ng'ombe wa Camargue aliyekuwa mtu wa ukoo mkubwa, Waroma waliruhusiwa kumtoa Sara katika giza lile na kumbeba mabegani kwa maandamano mpaka baharini. Kila mwaka, tarehe 24 Mei, hufanya hivyo. Humvika majoho juu ya majoho, mpaka uso peke yake ndio uonekanao. Wachunga ng'ombe hutangulia juu ya farasi weupe, nao huingia majini mpaka mawimbi yafike vifuani mwa farasi.

Tungependa kuwaambia kwamba baada ya siku hiyo ya 1935 mambo yote yalikuwa mema. Hayakuwa. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Ufaransa iliyokaa Vichy ilijenga kambi mahali paitwapo Saliers, ili kuwafungia humo Waroma na watu wengine wa kuhamahama. Ilianza mwaka 1942 na kufungwa mwaka 1944. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, walifungiwa humo bila kosa lo lote, katika njaa, maradhi na mbu. Na Saliers iko wapi? Iko katika Camargue hiyo hiyo. Kutoka kanisa la Sara mtu aweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Fikirini jambo hilo. Ngome ilikuwapo, ikisimama imara kwa miaka mia saba na zaidi. Kisima kilikuwamo, kimejaa maji. Lakini wale waliokesha ndani yake mwezi wa Mei, walipotekwa, kengele haikulia kuwaita waje wajifiche.

Tulinde nini?

Leo adui mwingine anakaribia. Zamani kanisa lilikuwa mbali zaidi na ufuo. Bahari imeila nchi mwaka kwa mwaka, na sasa kijiji kiko mdomoni mwa maji. Wamejenga kingo za mawe kuzuia mawimbi, nasi twajua kwamba bahari za dunia zinazidi kupanda. Mapengo yale ya juu ya ukuta yalitengenezwa kwa ajili ya mishale. Hayawezi kuzuia maji.

Basi turudi katika swali letu. Je, ni vibaya kanisa kuwa na ukuta? Hatufikiri hivyo. Watu wa Camargue hawakukosa imani walipojenga kwa mawe. Waliwapenda watoto wao. Askofu Rotland alidhani udongo watosha, na watu wake wakafa. Bawabu anayekesha langoni kwetu naye afanya kazi ya upendo, na tumwombee. Lakini mwenye Zaburi ya 127 alikwisha kutuonya kwamba kukesha kwa mlinzi peke yake hakutoshi. Kila ukuta una swali lake: walinda nani, na wamwacha nani nje?

Ukuta ni wa siku ya hatari tu, bali kisima ni cha kila siku. Bwana wetu alipochoka njiani aliketi kando ya kisima, wala hakumwuliza yule mwanamke Msamaria hati yake wala kabila lake. Alimwomba maji, kisha akampa yaliyo bora zaidi. Kanisa ambalo lina ukuta bila kisima ni boma tu. Tena kisima ambacho wengine huruhusiwa kunywa siku ya sikukuu, na siku ya dhiki wakasahauliwa, hicho nacho kina chumvi.

Tunawaachia kazi moja ya juma hili. Katika kanisa lako, au mtaani kwako, ni nani akaaye chini ya sakafu? Ni nani tunayemwona siku ya harambee na arusi, lakini akipatwa na shida kengele yetu hailii? Pengine ni mgeni wa kabila jingine, au mkimbizi, au kijana anayelala mitaroni, au mama ambaye watu humnong'ona. Mtafute kabla ya Jumapili. Mjue jina lake, maana wale 150 wa Camargue hakuna aliyeyaandika majina yao.

Na tuombe. Ee Mungu, wewe uliye kimbilio letu, utulinde na waovu, na utulinde na ugumu wa mioyo yetu wenyewe. Utufundishe kufunga mlango panapokuja mnyang'anyi, na kuufungua anapobisha mwenye kiu. Utupe maji yasiyokauka, nasi tuwapelekee wengine. Amina.

Kwaherini, wapendwa, hadi juma lijalo, Mungu akipenda.